Jioni ya Maharage Kule Amani

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni tulipopelekwa Amani, Usambara Mashariki, kupima miti. Unazungusha tepu kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, unaandika unene na jina. Majina alitupa mwenyeji wetu, mzee wa Kisambaa. Alikwangua gome kwa panga, akanusa, akatamka: msambu, mtambara, msambu tena. Siku ya nne daftari langu lilijaa miti michache iliyojirudia kila ukurasa, na mingi iliyotokea mara moja tu.

Nilimuuliza mwalimu kwa nini iko hivyo. Usiku akaomba maharage jikoni, punje ishirini za rangi tano, nne nne, akazitia kwenye sufuria: kila punje mti mmoja, kila rangi aina moja ya mti.

"Fumba macho, toa moja. Hiyo imekufa. Sasa chomoa nyingine, itazame, irudishe, uongeze moja ya rangi hiyo hiyo."

Hakuna rangi iliyopendelewa. Tulirudia hadi usiku wa manane. Nyekundu zikafika kumi na tatu, nyeupe zikabaki mbili, za madoa zikaisha kabisa. Nilisisimka, sikupata usingizi. Ndipo akatusimulia habari za mwanaikolojia Stephen Hubbell na zile hektari 50 za msitu wa kisiwa cha Barro Colorado, Panama, ambako tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hupimwa kila shina lenye unene wa kuanzia sentimita 1: mashina zaidi ya 200,000, spishi, yaani aina za miti, kama 300. Katika kitabu chake cha mwaka 2001, Hubbell aliichukulia miti yote kuwa na nafasi sawa ya kuzaa na kufa, spishi yoyote iwayo, ili aone bahati peke yake, pamoja na mbegu za kutoka nje na spishi mpya, inafika wapi. Inafika mbali kuliko nilivyodhani.

Mzee alikuwa kimya pembeni. "Mwanangu," akasema, "maharage yenu hayagombei jua. Kesho twende."

Alinipeleka penye mti mkubwa ulioanguka. Mwanga ulimwagika hadi chini, na chini palikuwa kijani kwa miche ya Maesopsis, mti ulioletwa na watu, ambao mbegu zake husambazwa na hondohondo. Bila mchezo wa jana ningeona vichaka tu. Sasa niliona kitu ambacho bahati tupu isingekifanya.

Miche hiyo niliacha kuihesabu. Wa mtambara tuliuona mmoja, kivulini. Mzee akachomeka kijiti kando yake, akafunga uzi mwekundu.