Randa inapiga shoti na breka haikati

Karakana ya mbao, Mafinga. Randa ya fezi 3, mota ya kW 5.5, inapiga shoti ukigusa meza yake, lakini breka ya ampea 16 haikati. Chanzo kilikuwa kwenye kisanduku cha mota: kebo imeingizwa bila gilandi (kibano kinachoishika kebo mahali inapoingilia), mtikisiko umeila ganda la waya wa moto hadi ukagusa bati.

Breka ilikaa kimya kwa sababu fimbo ya ethi (chuma kilichopigiliwa ardhini ili umeme unaovuja upite humo), kwenye udongo mkavu wa kiangazi, ilipima ukinzani wa omu 46, hivyo umeme kidogo tu ulipita. Volti 230 gawanya kwa 46 ni ampea 5. Kwa breka hiyo huo ni mzigo wa kawaida. Kwa binadamu ni kifo.

Nilizima swichi kuu, nikaifunga kwa kufuli, nikapima kuhakikisha umeme haupo. Kebo mpya ya nyaya 4 za mm² 4, gilandi imekazwa, waya wa ethi, wa kijani na njano, umefungwa kwa bolti kwenye fremu baada ya kukwangua rangi. Fimbo ya pili ilisaidia kidogo tu. Dawa yenyewe ni RCD ya mA 100, swichi inayokata umeme inapohisi unavuja, maana hukata hata ethi ikiwa dhaifu. Ovalodi ya stata (kinga ya mota dhidi ya mzigo kupita kiasi, kwenye swichi ya kuiwashia), iliyopandishwa hadi ampea 18, niliirudisha kwenye ampea 11 zilizoandikwa kwenye kibao cha mota.

Bonyeza kitufe cha majaribio cha RCD mara kwa mara. Isipokata, ibadilishe siku hiyohiyo.