Isukuti Ifundishwe Vijijini Mwetu

Huku Shinyalu, katika kaunti ya Kakamega nchini Kenya, isukuti, ngoma yetu ya asili, bado hulia kwenye harusi, matanga na hata mechi za mpira, lakini wapigaji wengi ni watu wazima na vijana wanaoketi kando yao kujifunza ni wachache mno. Mwaka 2014, UNESCO iliiweka ngoma hii ya Waisukha na Waidakho, jamii mbili za Waluhya, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura.

Ngoma zenyewe ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, nazo hupigwa pamoja na pembe ya swara na vyuma vya mviringo, huku mwimbaji mmoja akiongoza na wengine wakiitikia kwa mabega na miguu. Mpigaji huibana ngoma kwapani, akaipiga kwa viganja vitupu. Ngozi ya asili ni ya kenge, na kwa kuwa uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, naona ni haki mafundi wajaribu ya mbuzi.

Ningependa wazee wetu walipwe, japo kidogo, wafundishe watoto wakati wa likizo, hapa hapa kijijini.