Siku baba mkubwa alipoikata michongoma

Mvua za El Nino ziliuangusha ukuta wetu wa tofali mbichi mwanzoni mwa 1998, na mama hakutaka kusikia habari za kuujenga tena. Alitaka ua wa michongoma. Pale Kihesa, Iringa, ua wa maana ulikuwa huo: miba mirefu, majani mabichi kiangazi na masika, mbuzi akijaribu mara moja anakoma. Lakini huo ni mchongoma uliokomaa. Ule mchanga mbuzi anautafuna kama mchicha, kwa hiyo tuliuzungushia matawi makavu ya miba.

Tulipanda ardhi ikiwa bado na maji, kwenye mtaro tuliochanganya samadi iliyooza, mistari miwili ya kupishana, mche na mche kama futi moja. Mvua ilipokata, umwagiliaji ukawa wangu. Iringa ya Juni na Julai ina baridi na upepo mkavu unaokausha udongo huku wewe umevaa sweta. Mama alinifundisha kuchomeka kidole: ukifika pingili ya pili hujakuta unyevunyevu, leta ndoo. Kurashia kila jioni alikukataa. Maji ya juujuu, alisema, yanaita mizizi juu. Basi nilimwaga mengi, taratibu, kisha nikaiacha miche siku kadhaa. Tulitandaza nyasi kavu, tukaziacha mbali kidogo na mashina. Mchwa walipozifuata, tukamwaga majivu.

Niliporudi likizo ya Desemba kutoka shule, miche ilikuwa imevuka goti na mama alikuwa anaionyesha kwa wageni. Ndipo akaja baba mkubwa kutoka Mufindi, alikozeekea kwenye mashamba ya chai. Asubuhi mama alipokwenda sokoni, mzee akatoa kisu chake cha kupogolea, kilichopinda, akaniambia nishike kamba. Akaanza upande wa barabarani. Kila mche aliukata juu kidogo ya jicho, usawa wa shubiri mbili. Nilikuwa naokota vilele. Mwiba mmoja ulipenya ndala ukanifikia unyayoni.

Mama akatokea na kikapu kichwani.

“Shemeji! Umeniulia ua wangu!”

“Shemeji, chai ni mti,” akajibu bila kuinuka. “Ukiuacha unakwenda juu. Tunaukata ungali mdogo ndiyo maana unatandaa. Na ua hupitwa chini, nani ataruka michongoma?”

“Mimi sikupanda chai.”

Akakichukua kisu, akaingia nacho ndani. Upande wa bondeni ukabaki haujaguswa. Chakula cha mchana kililiwa kimya; mzee aliongezewa mboga, lakini hakuongezewa neno.

Mvua za msimu ule zilikuwa haba, hata hivyo zilitosha. Upande wa barabarani kila shina likatoa matawi matatu, manne, tangu chini, yakashikana na ya jirani yake. Upande wa bondeni ukarefuka vizuri kabisa, mabua matupu chini na kichaka juu. Kuku wa jirani wakapafanya ndiyo njia yao. Mama akaziba mapengo kwa mabua ya mahindi, akaziba tena, wakapita tena.

Mwishowe akanipa kalamu nimwandikie baba mkubwa. Tulimpa salamu, tukamweleza habari za mahindi na za harusi ya binamu. Michongoma haikutajwa. Mwishoni mama akasema niandike: aje kututembelea mvua zikianza, na kisu chake kipo, tumemtunzia.