Barua tatu za uhamisho

Jumamosi iliyopita mama alinituma kwenye sanduku lake la bati nimtafutie hati ya kiwanja, na chini kabisa, chini ya kanga ambazo hajazivaa tangu nikiwa mtoto, nikakuta bahasha ya kaki yenye nakala tatu za barua za uhamisho. Zote zina jina langu, zina mihuri ya walimu wakuu watatu tofauti, na katika nafasi ya sababu ya kuhama yameandikwa maneno yale yale: mambo ya kifamilia. Hati ya kiwanja sikuiona siku hiyo.

Nilianza darasa la kwanza Tanga mjini mwaka 1996. Wazazi wangu walipofikishana kwenye baraza la usuluhishi mwaka 1998, mimi na mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, tulipelekwa kwa bibi Lushoto. Mwaka 2000 mama alikuja kutuchukua tukaishi naye Morogoro, alikokuwa amepata kibarua. Mwaka uliofuata baba akashinda shauri la malezi, nasi tukapelekwa kwa shangazi Dodoma kwa sababu baba mwenyewe alikuwa mtu wa safari. Kila tulipohama tulibeba sare za shule tuliyoitoka. Morogoro, katika joto lile, nilivaa sweta zito la kijani la Lushoto muhula mzima, kwa kuwa shati langu jeupe lilikuwa limechanika mgongoni na sikutaka mtu alione, na wenzangu wakaniita Baridi.

Jina la utani huzoeleka. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba hakuna shule mbili zilizokuwa zimefika ukurasa mmoja. Mzunguko wa maji nilifundishwa mara tatu, mpaka nikaweza kuuchora nikiwa nimefumba macho, lakini sehemu za Hisabati, zile za nusu na robo, sikuwahi kufundishwa hata mara moja: Lushoto walikuwa hawajazifikia nilipoondoka, na Morogoro walikuwa wamekwisha kuzipita nilipofika. Basi nikaingia darasa la sita nikiwa hodari wa kujumlisha namba nzima, huku nikizitazama sehemu zenye asili tofauti kama mtu anayetazama maandishi ya lugha ngeni. Walimu waliona alama zangu za Hisabati wakahitimisha kwamba nina kichwa kizito, nami nikawaamini.

Mwalimu wa Hisabati wa Dodoma ndiye wa kwanza kuniuliza nilikotoka kabla ya kuniuliza jibu. Aliazima madaftari ya mwanafunzi mmoja ambaye hakuwahi kuhama, ya darasa la nne na la tano, akanipa kalamu nyekundu na kuniambia niweke nukta juu ya kila ukurasa ambao nikiusoma sielewi unazungumza nini. Niliweka nukta thelathini na moja. Alizihesabu mbele yangu, akafunga daftari, akasema, "Kumbe si nyingi hivyo, mwanangu." Kwa wiki kadhaa, baada ya kengele ya mwisho, tulikaa nje ya ofisi ya walimu, yeye juu ya ndoo iliyopinduliwa na mimi chini, tukizifuta nukta moja moja, ile ya kigawe kidogo cha shirika ilichukua siku nne peke yake.

Mwaka 2002 mama alirudi mahakamani na malezi yakabadilika tena. Hapo ndipo mambo yalipogawanyika kwa namna ambayo siku hizi naifikiria kuliko mengine yote. Mimi nilikuwa darasa la saba, jina langu lilikuwa limekwisha kupelekwa Baraza la Mitihani, na mwalimu mkuu akamweleza shangazi kwamba mtahiniwa akishasajiliwa hahamishwi ovyo. Nikabaki Dodoma hadi nilipofanya mtihani. Mdogo wangu alikuwa darasa la tano, hakuna aliyemsajili popote, kwa hiyo akahamishwa peke yake, akarudishwa darasa alikofika, na akiwa darasa la sita akaacha shule. Mimi nilichaguliwa kwenda sekondari ya bweni, ambako kwa miaka minne nililala kitanda kimoja, jambo ambalo halikuwa limewahi kunitokea, na mwaka 2006 nikamaliza kidato cha nne kwa daraja la kwanza.

Ndiyo maana huwa sina raha ninaposifiwa kwenye hafla za ukoo kwamba shida zimenikomaza. Mdogo wangu alipata shida zile zile, na moja zaidi. Nilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam niliisoma Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa sababu zangu binafsi, nikakuta kifungu cha 125 kinaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto aliyefikia umri wa kutoa maoni yake, na kwamba kumpokonya mtoto utulivu kwa kumhamisha kutoka mlezi mmoja hadi mwingine si jambo la kutamanika. Nilikisoma mara mbili, nikacheka peke yangu maktabani. Siwalaumu sana wazazi wangu, kwani kila mmoja aliamini anatuokoa, lakini sikumbuki mtu yeyote aliyetuuliza.

Mdogo wangu sasa anaendesha bodaboda Morogoro na ana binti wa darasa la nne. Tangu mtoto huyo aanze shule wamehama nyumba mara tatu, na sasa wanaishi Bigwa ilhali shule iko Kihonda, upande mwingine kabisa wa mji. Jumamosi ile ile nilimpigia simu kumweleza habari ya bahasha, kisha nikamuuliza kwa nini hamtafutii binti yake shule ya karibu, badala ya kumwamsha saa kumi na moja alfajiri na kumfunga kanga kiunoni asianguke kwa usingizi juu ya pikipiki. Alinyamaza kidogo.

"Dada," akasema, "sisi tutahama. Huyu hahami."