Ufa uliozibwa

Siku ya nne baada ya tetemeko nilikuwa Bukoba, mkono mmoja kopo la rangi nyekundu, mwingine brashi. Kwa miaka 15 kazi yangu ilikuwa uhandisi wa miundo ya maghorofa Dar es Salaam, na mtetemo wa ardhi niliujua kwenye karatasi tu. Lile la Jumamosi, Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Kwenye vitabu vyangu hilo ni tetemeko la wastani. Kagera lilitosha kuua watu na kuangusha nyumba kwa mamia.

Nyumba ninayoikumbuka ilikuwa ndani ya kibanja, katikati ya migomba. Tofali za kuchoma, bati zuri, na lipu safi mno. Nikaigusa, ilikuwa bado mbichi.

"Mjukuu wangu ameshaziba nyufa," bibi mwenye nyumba akaniambia. "Si ndivyo inavyotakiwa? Usipoziba ufa utajenga ukuta."

Wahenga hawakuwa wahandisi, Mungu awarehemu. Niligonga kwa nyundo, lipu ikadondoka, ufa ukajitokeza: umekata mshazari kati ya dirisha na dirisha, mwingine umeukatiza, herufi X kamili. Ukuta ukisukumwa huku na huku ndivyo unavyopasuka. Nikachokoa kwa kidole katikati ya tofali mbili. Kilichotoka kilikuwa udongo. Udongo mtupu, saruji hata ya kusingizia hakuna.

Fundi aliyeijenga alikuwa pale pale, jirani yake. Nikamwuliza kwa nini lenta ni vipande vipande, kimoja juu ya kila dirisha, badala ya mkanda mmoja wa zege unaozunguka nyumba nzima. Mkanda ndio unaozishika kuta zisiachane, na hapa kona ya nyuma ilikuwa imefunguka kiasi cha kupitisha mkono.

Hakukasirika. "Injinia, nondo nilizopewa zilikuwa nne. Wewe ungezigawa vipi?"

Nikakaa kimya. Chuoni hatukuwahi kupewa swali linaloanza na nondo nne.

Nikapiga alama nyekundu mlangoni. Nikamweleza bibi asiingie tena, hata mchana, maana ardhi ilikuwa haijatulia. Usiku alikuwa akilala nje chini ya turubai, lakini vyombo vyake vyote vilikuwa bado ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema, akageuka, akaingia.

Nikamwita. Fundi naye akamwita, kwa Kihaya. Sikumfuata, nalisema hili bila kujitetea. Nilisimama nimeukodolea macho ukuta wa nyuma, nikisikia kandambili zake zikiburuta sakafuni, chumba cha kwanza, chumba cha pili, kisha kimya, kisha zikarudi.

Alitoka na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna. Mgeni hawezi kuondoka hivi hivi, akasema.

Nilichukua mbili. Vidole vyangu vilikuwa bado na rangi, zikatoka nyekundu kikapuni.