Narrator ilipoacha kuruka kwenye vichwa vya habari

Naandika haya nikiwa nimepumua, kwa ajili ya yeyote anayetegemea Narrator, kisoma skrini kinachokuja pamoja na Windows. Kwenye kivinjari, herufi H iliyokuwa ikinipeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, na K iliyonipeleka kwenye kiungo, ziliacha kufanya kazi, ingawa sauti ilisoma vizuri kila nilipobonyeza Tab. Kusoma gazeti kwa Tab peke yake kunachosha mno, kwa sababu Tab huruka aya zote zisizo na kiungo.

Nilizima Narrator na kuiwasha kwa Windows, Ctrl na Enter, nikawasha kompyuta upya, nikabadilisha hata sauti. Hali ilibaki vilevile.

Kilichosaidia ni kuwasha tena hali ya kuchanganua, ambayo ndiyo inayozipa herufi kazi ya kuruka ndani ya ukurasa. Nilifungua kivinjari kwanza, nikasubiri ukurasa uanze kusomwa, kisha nikashikilia Caps Lock na kubonyeza kitufe cha nafasi mara moja. Narrator ikatangaza kuwa hali hiyo imewaka, na H ikaitika papo hapo.

Utaratibu huo ni muhimu kuliko vitufe vyenyewe: Narrator hukumbuka uamuzi wako kwa kila programu peke yake, hivyo ukiiwasha hali hiyo ukiwa kwenye programu nyingine, kivinjari hakitabadilika, na kwangu kuwasha kompyuta upya hakukufuta kumbukumbu hiyo. Kwa kibodi ambayo Caps Lock ina matumizi mengine, Insert hufanya kazi ileile.