-ni yetu moja, viambishi vyao vitatu

Mwezi wangu wa pili Ankara, nikiwa katika mwaka wa kusoma Kituruki kabla ya kuanza chuo, nilimwambia mwenzangu wa chumba, “Okulda gidiyorum.” Nilikusudia kusema naenda shuleni. Akanirekebisha: okula. Jioni nikamwambia “okulda geliyorum”, yaani natoka shuleni. Akanirekebisha tena: okuldan.

Kosa nililitoa kwetu. Kwenye Kiswahili -ni inabeba yote: nipo shuleni, naenda shuleni, natoka shuleni. Jina halitikisiki, kitenzi ndicho kinachoeleza. Waturuki wanataka jina lenyewe liseme: evde ni nyumbani ulipo, eve nyumbani uendako, evden nyumbani utokako. Mimi nilikuwa nimeishika -de (au -da) nikaigeuza -ni, naibandika kila mahali.

Nikaacha kukariri jedwali. Kabla ya kutaja mahali popote nilijiuliza kwanza: nipo, naenda, au natoka? Mwanzoni nilikuwa mzito wa kusema, watu wakinisubiri, lakini makosa yalipungua. Kupatanisha irabu ya kiambishi na za neno (evde, ila okulda) hakukunisumbua, sikio lilizoea lenyewe.

Umilikaji ulinipokea vizuri zaidi. Baba kwa Kituruki ni baba vilevile, na babam ni babangu! Anayesema mwanangu, nduguyo na mkewe tayari ameshaingia mlangoni. Ila sisi tunafupisha hivyo kwa jamaa na maneno machache, wao kwa kila kitu: evim, nyumba yangu, kitabım, kitabu changu, ambapo p ya kitap inageuka b na neno linafanana zaidi na letu. Na mwenye mali naye hutiwa alama: babamın evi, nyumba ya babangu, ni kama kusema “wa babangu, nyumba yake”.

Palipobana hasa ni kuviunganisha. Sisi tunasema nyumbani kwetu, mahali kwanza, mwenyewe baadaye. Wao ni ev-imiz-de: mwenyewe kwanza, mahali mwisho. Nafsi ya tatu inaongeza n katikati, ev-i-n-de, nyumbani kwake, na hapo inalingana kabisa na ev-in-de, nyumbani kwako. Nilihangaika sana na hili mpaka nilipoona kwamba Waturuki wenyewe huachia mazungumzo yaamue, au hutanguliza senin (yako) ama onun (yake).

Siku moja mwenzangu akauliza vitabu vyangu vya sekondari viko wapi. “Babamın evinde,” nikajibu. Akaendelea na swali jingine.